Mayai ya Jumatano

Alama za meno zilikuwa tano, nyekundu, kwenye mkono wa mtoto wa watu. Filister aliziangalia akalitambua pengo la katikati. Lilikuwa la binti yake.

"Mama Liz, hii ni mara ya tatu mwezi huu," alisema Mwalimu Marion wa chekechea. "Ameiba viazi vya mwenzake, akanyang'anywa, akauma. Wazazi wanataka aondoke. Mwalimu mkuu anataka jibu langu Ijumaa."

"Nitamchapa."

"Si umekuwa ukimchapa?"

Kweli, fimbo mbili za mpera zilikwisha kuvunjika, na Liz alikuwa yule yule: miaka mitano, hatulii, haambiliki, akishikwa anauma. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, majirani wa Kisegi walimwambia, na hawakuwa wakimpongeza. Filister alimpenda mtoto huyu na siku nyingine alimwogopa, na hilo la pili lilimtia aibu.

Mwalimu alikuwa amemwomba aje na kijitabu cha kliniki. Alikifungua penye mstari wa uzito. Ulikuwa umepanda vizuri hadi Liz alipotimiza miezi sita, kisha ukalala.

"Hapa alikuwa anakula nini?"

"Uji wa mahindi."

"Na nini?"

"Uji."

"Kwani kwenu hamfugi kuku?"

Kuku walikuwepo kumi na wawili. Mayai yao Milka, mama mkwe wake, aliyapeleka sokoni kila Jumatano. Filister alipoolewa kutoka Sori, Milka alimkalisha jikoni akamfunda: mtoto akizoeshwa yai kabla hajajua kusema, atakua akichungulia viota vya watu. Atakuwa mwizi. Mgeni wa boma habishi. Kwa hiyo Filister alimpikia Liz uji mwepesi, mwaka na nusu, kwa mapenzi yake yote, ili asije akawa mwizi.

"Siwezi kusema ni hilo tu," mwalimu aliendelea. "Lakini akili ya mtoto hujengwa miaka hiyo ya mwanzo. Ikikosa chakula, mwingine huchelewa kusema, mwingine huwa na hasira kama hizi. Weka fimbo chini, umlishe. Mimi nitamwomba mwalimu mkuu atupe muhula mmoja. Siahidi."

"Nimeshachelewa?"

"Kwa Liz, sijui." Alimtazama Gordon, mtoto wa miezi saba, aliyelala mgongoni mwa mama yake. "Na huyu anakula nini?"

Filister alichukua kijitabu chake, akaenda kumwita Liz.

Aliporudi nyumbani na watoto wake, alimkuta Milka akipanga mayai kwenye kikapu chenye nyasi kavu. Aliinama akachukua mawili.

"Nyar Sori," Milka alimwita binti wa Sori, kama alivyomwita kila alipomkumbusha kuwa alikuja kuolewa, "hayo ni ya soko."

"Haya mawili hayaendi, mama."

"Unataka Gordon awe mwizi?"

"Liz hakuonja hata moja. Nenda shuleni ukasikie wanavyomwita."

"Mimi nilizaa saba," Milka alisema. "Wote niliwalea hivyo." Hakusema ni wangapi waliokua. Aliketi na kikapu magotini, na Jumatano hiyo hakwenda sokoni.

Filister alichemsha mayai. Moja alilisaga kwa maziwa ya kifua chake, akamlisha Gordon kwa ncha ya kijiko, polepole, kama anayetenda kosa. La pili alilimenya, akaliweka kwenye sahani ya bati, akamwita Liz.

Liz alisimama mlangoni. Alilitazama yai, akautazama mkono wa mama yake kuona kama una fimbo. Kisha akaficha mikono yake mgongoni.

"Sio mimi nilichukua, mama," alisema.