Mgeni wa Ukurasa wa Tisini

Alhamisi baada ya alasiri Bi Balqis alikuwa anapepeta mchele jikoni kwake mtaani Ghubra, huko ughaibuni, Jaifar muuza vitabu wa mtaa wa Hamriya alipomrejeshea maboksi yake kumi na moja ya kitabu chake. Ilikuwa riwaya ya Kiajemi, na Bi Balqis alikuwa amekaa miaka saba akiifasiri kwa Kiswahili cha kwao Unguja. Iliuzwa siku nne tu. Ikaja dukani barua ya wanawake arubaini, saini ya juu kabisa ni ya jirani yake, Wadha: mwanamke anayecheka matangani kwa mumewe hafai kusomwa na watoto wa watu. Hakuna hata mmoja wao aliyeisoma; walitumiana mstari mmoja kwa simu.

"Niwie radhi, Bibi," alisema Jaifar. "Wateja wamenigomea."

Boksi la mwisho lilikuwa jepesi, kwa sababu Mahrukh, mwanamke mwenyewe wa kitabuni, alikuwa ameshatoka, amesimama mlangoni, viatu mkononi. Alisema Kiunguja, kwani hakupewa lugha nyengine.

"Nimetolewa dukani. Pana pa kulala hapa?"

Bi Balqis akamwonesha chumba cha wageni. Ile miaka saba ilimuuma kwelikweli, lakini mgeni ni mgeni, na huyu alijua kupika wali ukatoka na ukoko mzima mzima, mwekundu, mkavu.

Jumamosi harufu ya ukoko ikamleta Wadha. Alitambulishwa, akauliza hali, akala vipande viwili. Akarudi kesho yake, na kesho kutwa. Siku ya nne akashindwa kujizuia.

"Mwanangu, kwani ulicheka nini matangani?"

"Yamo kitabuni, Bi Wadha. Ukurasa wa tisini."

"Kile sikisomi. Nihadithie wewe."

Mahrukh akamhadithia. Wadha alilia mpaka shela ikarowa, kisha akasema polepole kuwa yeye, siku ya matanga ya marehemu wake, aliuma kanga ili asicheke.

Bi Balqis alifurahi, akadhani yamekwisha. "Basi utaliondoa jina lako kwenye barua?"

"Niliondoe?" Wadha akapangusa macho. "Mimi mtu mzima, nimefahamu. Wengine je, wakisoma?" Akasogeza sahani. "Nitilie kidogo, hapo palipokauka."

Mahrukh akamtilia. Maboksi yapo ukumbini mpaka leo. Kila alasiri wanaweka juu yake sinia la kahawa, watatu hao, na kwa kimo yamefaa vizuri sana.