Mkono Ndani ya Kinu

Mama Frema hajawahi kuniambia nimpende Konadu. Aliniambia nimpelekee mihogo, na hapo ndipo tulipokosana.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi hapa Suame, mtaa wa mafundi magari, na kwetu Waashanti Jumamosi ni siku ya mazishi. Nilikuwa jikoni kwenye mgahawa wa Mama Frema, mimi Boatemaa mpika supu wake, nakoroga supu ya mawese huku moyo ukinichezea ngoma kwa furaha. Ng'ambo ya mtaro, Konadu alikuwa amesimama peke yake mbele ya mgahawa wake, kando ya kinu, ameshika tama. Mtwangaji wake alikuwa ameteguka bega. Familia moja ilikuwa imempa kazi ya kulisha waombolezaji fufu, ule ugali wetu wa mihogo na ndizi za kutwanga, mchana ule, na mihogo na ndizi alizochemsha zilikuwa zinapoa. Zikipoa hazitwangiki, zinabaki mabonge. Na mtu akiharibu chakula cha msiba hapa kwetu, hasemwi wiki moja tu. Atazeeka akiitwa yule aliyewashindisha waombolezaji njaa, na mgahawa ataufunga.

"Mungu halali," nikasema huku nakoroga.

"Ni kweli, halali," akajibu Mama Frema. "Ndiyo maana anakusikia."

Konadu alikuwa wetu zamani. Yeye ndiye aliyekuwa akigeuza fufu ya Mama Frema: mtwangaji akiinua mchi, yeye anapenyeza mkono kinuni, anakunja donge, anautoa kabla mchi haujashuka. Kazi hiyo hawaifanyi watu wasioaminiana. Kisha akaondoka bila kuaga, akafungua mgahawa wake mbele ya macho yetu, na wateja wengi wakavuka mtaro kumfuata. Mama Frema ni kiongozi wa akina mama kanisani kwetu, na tenzi zinamtoka hata akimenya mihogo. Lakini siku ile hasira zilimpanda. Alisimama barabarani akasema, watu wote wakisikia, kwamba mikono iliyomnyang'anya wateja wake ipondeke. Jumapili iliyofuata alitubu. Alitubu kwa Mungu. Kwa Konadu hakwenda.

"Mama," akaita Tuffour, fundi magari aliyekuwa anasubiri chakula, "hivi ubao wako pale nje umeandikwa nini? Si Mpende Jirani? Sasa jirani yako nani, mimi ninayekaa kule Tafo?"

"Wewe kula," nikamwambia.

"Nile nini? Hujaniletea kitu."

Mama Frema hakucheka. Aliweka kisu chini, akanawa mikono mpaka viwikoni, akajifunga upya kitambaa chake kiunoni.

"Boatemaa, beba hiyo sufuria ya mihogo ya moto. Tunavuka."

"Jumamosi, Mama? Na wateja wetu?"

"Mtwangaji wetu anabaki, mgeuzaji anabaki. Watachemsha mingine."

"Lakini alituibia wateja."

"Wateja wana miguu, mwanangu. Walivuka wenyewe."

"Basi si umwombee tu?"

"Nimemwombea tangu nilipomwona pale. Mchi wake bado umelala chini."

Nilibeba sufuria, lakini kwa shingo upande, na njia nzima nilimwomba Mungu ombi langu mwenyewe, atie kikwazo. Konadu alipotuona alikunja uso.

"Mmekuja kutazama?"

"Tumekuja kutwanga," akasema Mama Frema. "Keti ugeuze. Mchi nitashika mimi."

Konadu aliutazama mchi, kisha akatazama vidole vyake. Akairudisha mikono nyuma ya mgongo.

"Nisamehe, Mama. Nitapika wali, nitawaomba radhi watu wa msiba, nitajua la kufanya. Lakini mkono wangu chini ya mchi wako siuweki. Wewe mwenyewe ulisema upondeke."

Mimi damu ilinichemka. Mtu unamletea msaada mpaka mlangoni, naye anakuvua nguo mbele za watu! Nilishaanza kuinua sufuria turudi zetu.

"Nilisema," akajibu Mama Frema. Alipaza sauti mpaka wauza vipuri wa upande wa pili wakageuka. "Nilisema neno lile barabarani, basi na leo nisikike barabarani. Nilikukosea, Konadu. Nisamehe."

Kisha akafanya jambo ambalo hata mimi niliyemzoea sikulitegemea. Alikalia kigoda cha Konadu, akamimina mihogo yetu kinuni, akachovya mkono kwenye maji na kuuweka juu ya ile mihogo ya moto.

"Chukua mchi wewe," akasema. "Nitageuza mimi."

Konadu alichukua mchi. Ni mti mzito, mrefu kuliko yeye.

"Mama, nina hasira na wewe."

"Najua."

"Nina hasira kweli. Nilikuwa silali."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana mkono ni wangu."

Mikono hiyo ndiyo iliyolea watoto wake baada ya mumewe kufariki. Ndiyo iliyonilisha mimi nilipokuja mjini sina pa kulala. Niliogopa, sitaficha. Nilitaka kumvuta kwa nguvu. Konadu aliuinua mchi juu ya kichwa, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, na Mama Frema hakuutoa mkono. Aliinua uso tu akamtazama, kama mgeuzaji anavyomtazama mtwangaji wake kila siku.

Mchi ulibaki hewani.

"Toa mkono, Mama," akasema Konadu.

"Nikitoa utatwanga?"

"Nitatwanga. Na ukiurudisha, nitakungoja."

Mama Frema akautoa. Mchi ukashuka, ukapanda, mkono ukaingia, ukageuza, ukatoka. Pigo la kwanza lilikuwa la woga. La pili lilikuwa zito kidogo. Baada ya hapo walitwanga kama watu waliofanya kazi pamoja miaka mingi, na ndivyo walivyokuwa.

Nilisimama na sufuria tupu mkononi, sina pa kuuweka uso wangu. Hakuna aliyenituma kitu. Nikaingia jikoni kwa Konadu, nikafunua chungu cha supu ya waombolezaji, nikaonja. Chumvi ilikuwa pungufu. Nikaongeza.