Kesho Jumamosi

Jumanne, tarehe tisa Juni. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito hata kamba hazikuonekana, tukaanika shuka kwa kupapasa.

Mimi ni mfuaji wa hospitali. Saa kumi na mbili jioni nakaa juu ya furushi ndani ya stoo ya nguo, nasali, kisha nafungua simu nisome uuguzi msaidizi. Tulianza wanafunzi arobaini na mmoja. Jioni hiyo tulibaki tisa, na chuo kilishatuandikia kwamba tukiwa chini ya wanane, darasa linafungwa hadi mwakani. Mwakani natimiza hamsini, umri ambao wodi haipokei tena msaidizi mpya. Kila aliyeacha masomo aliondoka na kipande cha wodi yangu.

Wifi yangu, mke wa kaka, hupiga pasi stoo hiyohiyo. "Mwalimu wako anasoma makaratasi kama karani wa mahakama," akasema. "Hata pasi inasinzia."

"Niache, wifi. Niko darasani."

Kwenye simu, mwenzetu mmoja, dereva wa gari la wagonjwa, akaandika: "Jamani, leo ndiyo mwisho wangu. Bora nikalale." Mwingine akajibu: "Tuongozane."

Wawili hao wakitoka, tumekwisha. Nikamwomba Mungu subira. Mwalimu hakuona kitu. Alisoma ukurasa hadi chini, akatabasamu, akasema, "Haya, kesho Jumamosi, mpumzike vizuri."

Wifi akainua pasi. "Kasema kesho nini?"

Nilikuwa nimeomba subira, nilipewa sauti. Nikawasha maikrofoni. "Mwalimu, leo Jumanne." Akaendelea kutabasamu. Nikamwita tena, akageuza karatasi. Nikachukua simu ya wifi nikampigia. Akapokea huku kijiko kikigonga sahani.

"Mwalimu, video uliyorekodi Ijumaa inatuaga. Wewe mwenyewe uko wapi?"

Kisha ile picha ikakatika, akatokea yeye, vifungo vya shati vimepishana.

"Mama, usinifokee. Nilipokuwa nafundisha mwenyewe niliongea na ukuta. Nilikuita mara tatu siku moja, nikasikia maji yanamwagika."

Kweli. Niliacha simu kwenye furushi nihesabiwe nimehudhuria, nikaenda kusuuza. Kuumbuliwa hakukunipoza, kulinichochea.

"Nimekosa. Lakini uliuliza nini? 'Tuko pamoja?' Hilo nalo ni swali? Leo siku ya nne shuka za kitanda kimoja zinaletwa na doa la usaha na damu palepale, usawa wa nyonga. Nimezifua, nimezisalia, na sijui nimwambie nani nini. Jibu unalo wewe, na umetuwekea video ukaenda kula."

Akasukuma sahani pembeni. "Doa ni upande mmoja tu?"

"Kushoto."

"Basi mgonjwa huyo hageuzwi. Analalia upande mmoja, nyama inakufa."

Dereva akafungua kamera kwa mara ya kwanza. Kumbe ana upara. "Mwalimu, mimi huwabeba hao kwa saa tatu njiani, wamelala hivyohivyo. Ina maana nawaumiza?"

"Unaweka nini chini ya nyonga?"

"Siweki kitu. Nani aliniambia?"

Wengine nao wakafungua, nami pia. Nyuso tisa, kila moja na neno, wote wakikatizana.

"Mama," mwalimu akasema, "nenda wodini sasa hivi. Mwambie muuguzi wa zamu akague nyonga, na mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili."

Nikasimama, lakini sikutoka bado. "Naenda. Ila dereva ameandika anaacha. Kipindi cha Alhamisi atakukuta wewe au video? Sema kwa sauti, hawa wote wasikie, na wifi yangu asikie."

Wifi akasogea na shuka mkononi, akainama kwenye simu. "Nasikiliza, mwalimu."

Akatutazama mmoja mmoja. "Alhamisi saa kumi na mbili nitakuwepo mwenyewe," akasema. "Na sitafungua karatasi yoyote kabla kila mmoja wenu hajaniuliza swali moja la kazini kwake."