Meno ya Mstari wa Tisa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likiwa bado halijakaza, Mama Chiriku alimimina kopo la kalsiamu kwenye pipa la maji, akakoroga mpaka chembe zote zikayeyuka, akajaza bomba la kunyunyizia na kulipandisha mgongoni, mahali ambapo wenzake hubeba watoto. Wake alikuwa amemwacha kwa jirani. Chiriku alikuwa na miezi kumi na minane na mdomo usiotulia, lakini hakuwa na jino hata moja, na akisimamishwa miguu ilimpinda kama mshumaa ulioachwa juani. Muuguzi wa zahanati alisema mifupa ya mtoto ina njaa ya kalsiamu. Apewe maziwa.

Maziwa yalikuwepo zamani. Kila saa nne wafanyakazi wa shamba la matofaa walipewa kikombe kimoja kimoja, na wenye watoto wakatia chao chupani wakaenda nacho nyumbani. Kisha matofaa yakaanza kutoka madoa ya kahawia, machungu mpaka ndani. Mwenye shamba akakata maziwa ili anunue kalsiamu ya matofaa.

"Lengeni tunda lenyewe," nyapara aliwafundisha. "Ukinyunyizia jani peke yake unatwanga maji kwenye kinu. Jani lina choyo, halimgawii mtu."

Basi Mama Chiriku alilowesha tofaa moja moja, akiligeuza kiganjani taratibu, vile vile anavyomwogesha mwanawe shingoni. Kila baada ya wiki mbili alirudi akaanza upya.

Katika mzunguko wa tano, matofaa ya mstari wa tisa, mstari wake, yaliota meno. Yalitoka upande wa chini, pale ua lilipokuwa: mawili kwanza, halafu mawili mengine juu yake. Mama Chiriku alifunga koki ya bomba akatazama. Jino moja la juu lilimpanda mwenzake kidogo begani, kama la marehemu mama yake.

Alimwita Bibi Mizani, mpimaji wa matunda, naye akavaa miwani.

"Ya Chiriku hayo, hakuna ubishi. Damu nzito, mwanangu. Kamwone nyapara mapema, kabla hayajabandikwa stika."

Nyapara alikuja na rula. Akapima, akaandika, akauliza mbona mstari wa nane haujaota.

"Wa nane unapigwa dawa na kapera," Bibi Mizani alimjibu. "Ulitaka uote ndevu?"

"Naomba meno ya mwanangu," alisema Mama Chiriku. "Ikishindikana, kile kikombe cha maziwa kirudi."

Nyapara alivua kofia. Hakuwa mtu mbaya. "Dada yangu, nakuelewa, hata mimi ni mzazi. Lakini yameota kwenye mti wa shamba, kwa dawa ya shamba. Meno ni ya shamba."

"Na mtoto?"

"Mtoto ni wako."

Bibi Mizani alisema amepima miaka ishirini na mitatu na hajawahi kuona mizani iliyolala upande mmoja hivyo. Kisha akarudi kazini, maana foleni ilikuwa ndefu.

Mavuno yalikuwa mazuri. Hakuna kiwavi aliyethubutu kuusogelea mstari wa tisa. Matunda yalitoka magumu, bila doa, nayo yalifungwa karatasi kila moja peke yake yasije yakaumana njiani. Mama Chiriku ndiye aliyefunga kreti la mwisho. Alitia kidole chake kidogo kwenye mdomo wa tofaa, likakitafuna polepole, bila kuumiza, kama mtoto anayewashwa ufizi. Aliliacha litosheke. Halafu akalifunga, akalipanga pamoja na mengine, lori likaondoka. Jioni alimpondea Chiriku viazi mpaka vikawa uji, na Chiriku, akiwa amelala mkekani, akamsimulia habari zote za jirani.

Msimu mpya ulipofika, mwenye shamba aliagiza mistari yote ipigwe dawa na wanawake wenye watoto wachanga. Nyapara alipita kwenye foleni na daftari, akimwuliza kila mmoja wa kwake ana miezi mingapi. Alipofika kwa Mama Chiriku alisita.

"Wewe wako amekua. Nikupeleke kwenye kufungasha, kuna kivuli."

"Hapana, kaka. Niache mstari wa tisa."

"Kwa nini?"

"Magego ya mwanangu bado hayajatoka," alisema, akainama kujaza bomba.