Hodi ya Tatu

Kwanza mjue kwamba Ayoub hakuwa mtu mbaya. Ningependa sana awe mbaya, ingekuwa rahisi kumsimulia. Alikuwa fundi wa viyoyozi, hoteli nyingi za Mji Mkongwe zikimjua, mtu wa kutaniana na watoto vichochoroni, na mkewe Maryam katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kusikia sauti yake ikipanda. Walikuwa na binti mmoja tu, Tabia, wa miaka sita, na Tabia alikuwa na pumu. Akibanwa kifua, ni Ayoub aliyekuwa akimshikia ile pampu ya dawa mdomoni, akimhesabia pumzi polepole mpaka atulie. Haya, mtu huyo ndiye aliyewafungia ndani, na aliwafungia kwa mapenzi.

Ilianza na mwezi. Mtakumbuka Septemba ile ulipopatwa wote, ukawa mwekundu juu ya mapaa. Misikiti ikaita watu waje kuswali saa ambayo si ya sala yoyote, mmoja ukiacha mwengine unapokea. Ayoub, Mkristo kama baba yake na babu yake aliyetoka bara, alisimama juu ya paa akiutazama. Nabii Yoeli alishasema mwezi utageuka damu kabla ya siku ile kubwa ya Bwana. Akashuka ngazi mbio, akamkuta jirani yake wa chini, Bi Rawiya, bibi wa Kiarabu wa umri wa mama yake, ndiyo kwanza anakunja mswala. Akamuuliza analionaje jambo hili.

"Dunia imekwisha, baba," akasema Bi Rawiya, akaingia zake ndani kupasha chai.

Sasa jamani, sisi Waunguja dunia tunaimaliza kila siku. Pweza akipanda bei Darajani, dunia imekwisha. Mtoto akimjibu mkubwa, dunia imekwisha. Umeme ukikatika mara mbili kwa siku moja, Kiama hicho. Lakini Ayoub alilichukua neno lile kama ushahidi wa mahakamani. Hata Waislamu wanajua, alimwambia mkewe, ila wanatuficha.

Kuanzia hapo ikawa ni Danieli asubuhi, Ezekieli mchana, Zekaria akila. Katika simu alikuwa na wahubiri wa nchi za mbali wanaochora mishale kwenye ubao, wanyama wa Danieli huku, falme za leo kule. Padri wake alimwita akamwambia kwa upole kwamba unabii si ratiba ya boti ya Dar es Salaam. Ayoub hakukasirika. Alirudi nyumbani akasema padri maskini ni katika wale walinzi waliolala ambao Isaya aliwasema, tumuombee.

Na Maryam? Maryam aliamini nusu, na nusu hiyo ilimtesa kuliko kama angeamini yote. Mwezi aliuona kwa macho yake. Alikuwa mtoto wa kanisa, aliyelala na kuamka na maneno hayo tangu mdogo. Akicheka moyoni, mara anajiuliza: na ikiwa ni kweli? Nikimdharau, na ikawa kweli, atakayelipa si mimi, ni Tabia. Basi akamwacha asome.

Siku moja Ayoub akarudi kutoka kazini mapema, amebeba mitungi ya maji, tende, biskuti na mikate mikavu. Neno limepatikana, alisema. Isaya anawaambia watu wa Mungu waingie vyumbani mwao, wafunge milango nyuma yao, wajifiche kitambo kidogo mpaka ghadhabu ipite.

"Kitambo kidogo ndio muda gani, baba Tabia?"

"Danieli katoa hesabu. Wakati, nyakati mbili, na nusu ya wakati. Tatu na nusu. Siku tatu na nusu, mama Tabia, basi. Kuna watu wanakwenda harusini wanakaa zaidi ya hapo."

Siku tatu na nusu, nani asingeziweza? Maryam alijiambia tutakaa, zitapita, atajionea mwenyewe kwamba dunia ipo, na mambo haya yataisha bila ya ugomvi. Pampu ya mtoto ilikuwa na dawa bado. Wakawaaga majirani kwamba wanakwenda msibani Tanga. Simu zote mbili Ayoub akazitia kwenye ndoo ya maji. Wakaingia chumba cha ndani cha ghorofa ya juu, chenye choo chake na kuta nene za mawe na chokaa. Dirisha akaliziba kwa nailoni na selotepu pana, kwa ufundi ule ule wa kazini kwake, hata hewa ya kutikisa mshumaa isipite. Mlango akautia kufuli kwa ndani, ufunguo akautia mfuko wa shati.

Mwanzo hawakukaa vibaya. Waliimba, Tabia akafundishwa majina ya manabii wote kwa mpangilio, akayashika kuliko mama yake. Baba yake alimweleza habari ya mlango: Nuhu alifungiwa mlango na Mungu mwenyewe, waliobaki nje wakazama. Mtoto alisikiliza kwa macho makubwa. Alitaka kujua kama paka wa kichochoroni watazama, na Ayoub hakumdanganya.

Halafu joto likaingia na halikutoka. Chokaa ya kuta ikapukutika vumbi, Tabia akaanza kukohoa. Mchana wa siku ya nne hesabu ilitimia. Maryam alikuwa ameshajitanda kanga, mkoba begani. Ayoub akapiga magoti katikati ya chumba akangoja. Nje alipita muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake, kama kawaida yake, wala hakuharakisha. Ayoub aliinama mpaka paji la uso likagusa sakafu, akalia. Alipomaliza kulia akafungua Biblia upya.

Hapo ndipo Maryam alipoogopa. Mpaka saa ile alikuwa akiiogopa ghadhabu. Sasa akaanza kuuogopa mkono wa mumewe unaopekua kurasa. Ulifika kwa Ezekieli, Ayoub akasoma kimoyomoyo, akasema Ezekieli aliambiwa siku moja ihesabiwe mwaka mmoja. Maryam akapiga hesabu, ikaja miaka mitatu na nusu. Ayoub mwenyewe aliona haikubaliki, akapekua tena. Akarudi kwa Danieli, kwa yule malaika aliyetumwa akazuiliwa njiani siku ishirini na moja.

"Kumbe kacheleweshwa," akasema, na uso ukamchangamka. "Mungu hajakosea, nimekosea mimi. Tutangoja ishirini na moja."

"Tabia hafiki huko."

"Atafika. Nje ndiko ambako hafiki."

"Nipe ufunguo nikamnunulie dawa tu. Nitarudi."

"Nuhu hakutoka kwenda dukani, mama Tabia," akasema kwa upole, akamfuta jasho mtoto kwa upindo wa shati lake.

Siku iliyofuata, baada ya adhana ya alasiri, pampu ilitoa upepo mtupu. Ayoub aliitikisa, akaibonyeza tena, ikatoa upepo mtupu tena. Tabia alikuwa amekaa kitandani ameinama mbele, mabega yanapanda na kushuka, pale chini ya koo panabonyea kila anapovuta. Alikuwa ameshaacha kulia, maana kulia kunataka pumzi. Midomo yake ilianza kugeuka rangi ya majivu. Baba yake akampepea kwa kipande cha boksi, anamhesabia, moja, mbili, machozi yanamtiririka na hayafuti.

Maryam akamshika shati. "Nipe ufunguo."

"Usiku ule wa Misri," akasema Ayoub, "walikufa watoto wa nyumba zipi? Waliokaa ndani walipona. Walioambiwa wasitoke mpaka asubuhi, wakatii, walipona. Mwangamizi alikuwa akipita milangoni. Anapita sasa hivi. Unataka nimfungulie?"

Na mkono wa Maryam ukalegea. Nawaambia kweli, ukalegea. Aliiona Misri ile, kilio nyumba hadi nyumba, na ni watoto waliokufa, si wakubwa. Akamtazama wake. Asipofungua, anakufa kwa kukosa pumzi. Akifungua, labda anakufa kwa mkono wa yule anayepita. Alisimama katikati ya vifo viwili vya mtoto mmoja na hakujua kipi ni cha kweli.

Ndipo mlango ukagongwa.

"Hodi wenyewe."

Ilikuwa sauti ya Bi Rawiya. Alikuwa amesikia kikohozi juu ya dari yake, akadhani wamerudi kutoka msibani, akapanda kutoa pole. Sasa mumjue Bi Rawiya. Yeye ni wa zile hodi za zamani: tatu tu, na baina ya moja na nyingine anaacha nafasi mtu ajifunike vizuri. Usipoitikiwa ya tatu, unageuka unakwenda zako, wala hununi. Wajukuu zake wakigonga mara ya nne huwagombeza mpaka mtaa mzima ukasikia. Maryam aliyajua hayo, maana ameishi juu ya kichwa chake tangu alipoolewa.

Ayoub aliweka kidole mdomoni. Akamkumbatia mtoto, akamfunika uso kifuani kwake, asikohoe.

"Hodi jamani."

Maryam alifungua mdomo aitikie, akaufumba. Mwangamizi anapita milangoni. Na je, akija, atakuja na sauti gani? Si atakuja na sauti unayoijua, ya jirani, ya mtu anayekupikia mkate wa ufuta sikukuu? Pale kifuani kwa baba yake Tabia alikuwa akirusha miguu taratibu, kisha mguu mmoja ukaacha.

"Hodi," ikaja ya tatu, ya chini, ya mtu aliyekwisha kukata tamaa. Kandambili zikageuka kuelekea ngazini.

"Karibu," akasema Maryam.

Sauti ilimtoka ndogo, hata yeye aliisikia kwa shida. Akairudia kwa nguvu zake zote. "Karibu, Bi Rawiya. Tumo ndani. Mtoto ananifia."

Kandambili zikasimama. "Nyie si mko Tanga?"

"Umemuua," akasema Ayoub. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyepokea taarifa, akateleza ukutani mpaka chini, mtoto mikononi.

Maryam akamrukia mfukoni. Ayoub akamshika kifundo cha mkono, na mkono wake ule wa fundi haukubanduka. Nje Bi Rawiya alikuwa anamwita mwanawe, Talib, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia ndani ya nyumba. Talib akapanda na mtaimbo. Kila pigo la mtaimbo Ayoub alizidi kujikunja juu ya mtoto, akiomba Mungu amchukue yeye. Kufuli likang'oka na kipande cha ubao. Talib aliingia, akamwondoa mtoto mikononi mwake kidole baada ya kidole, akampa Maryam.

Pale kizingitini Maryam akafumba macho. Ndivyo alivyotoka, macho amefumba, mtoto kifuani, anangojea pigo. Lilikuja jua la jioni kutoka uwani na harufu ya samaki anayekaangwa. Hakuona raha yoyote. Alijua tu kwamba bado, kwamba huenda pigo linampa hatua chache kwanza. Akashuka ngazi mbio, Bi Rawiya nyuma yake anasoma dua, na nyuma yao akasikia kabati linaburutwa juu ya sakafu. Ayoub alikuwa anauziba mlango tena, wao wakiwa nje.

Hospitali walimtia Tabia mashine ya mvuke mdomoni, sindano mkononi. Maryam alisimama ukutani, anakitazama kifua. Kilibonyea, kikabonyea, halafu polepole kikaanza kupanda kama vifua vya watu. Adhana ya magharibi ilipoanza, midomo ilikuwa imerudi rangi yake. Daktari alisema mngechelewa kidogo tu tungekuwa tunazungumza mengine. Bi Rawiya alilia kwa furaha, akaenda kutafuta maziwa ya moto. Talib alirudi nyumbani na padri; walikaa nje ya chumba wakimwita Ayoub, na Ayoub alikuwa akiwajibu kwa kuwasomea majina ya mkewe na mwanawe, kama wasomwavyo marehemu kanisani.

Katika chumba cha wagonjwa wakabaki mama na mtoto. Nesi alikuwa ameuacha mlango wazi ili hewa ipite, akasisitiza usifungwe.

"Mama," akasema Tabia, ameiondoa ile barakoa ya mvuke kidogo.

"Naam, mwanangu."

"Mlango uko wazi."

"Uko wazi, ndiyo. Hewa inaingia upumue."

Mtoto aliutazama ule uwazi, ukumbi mrefu wa nje unaoanza kuingia giza. Pumzi zikaanza kumpanda tena, za haraka, na vidole vikamkaba mama yake mkono.

"Funga, mama. Ghadhabu itaingia. Tulitoka kabla ya siku zake kuisha."

Maryam alitaka kumwambia hakuna kitu, mwanangu, baba amekosea tu. Maneno alikuwa nayo kinywani. Lakini huko ukumbini palisikika mtu anakuja, hatua za polepole, na moyo wake ukamwenda mbio kuliko wa mtoto. Akainuka. Akaufunga mlango, akaanza kupapasa ubao juu na chini, anatafuta komeo.