Walimshikia Uzi

Mtaani walimwita Subana, kwa sababu kile kikofia cha chuma kinachokinga kidole kisichomwe na sindano hakikumtoka. Alikuwa nacho akipika, alikuwa nacho akichagua nyanya, na mumewe, fundi wa friji, alipenda kuwatania wageni kwamba siku ya harusi pete ililazimika kuomba nafasi. Alishonea nyumbani, chumba cha mbele, cherehani ikiwa imeelekea dirishani ili apate mwanga na umbea kwa pamoja.

Mtoto alikuwa hajapata. Mimba mbili zilitoka, na baada ya hapo tumbo likawa linauma na damu haikatiki, mpaka daktari akamwambia ana uvimbe kwenye kizazi. Uvimbe utatolewa, akaambiwa, kizazi kitabaki, na huenda mtoto akapata pa kukaa. Subana aliingia chumba cha upasuaji na moyo mweupe, kama mtu anayekwenda kupokea mgeni kituoni.

Alipozinduka, mumewe alikuwa ameketi pembeni, amemshika mkono.

"Wameutoa?" akauliza, ulimi mzito.

"Wametoa. Kila kitu kimekwenda salama."

Akafumba macho, akalala tena, ameridhika.

Nyumbani alirudi na masharti: asiinue ndoo, asiiname, na hasa asikanyage cherehani. Mama yake akahamia kumuuguza. Dada yake mkubwa, muuza mitumba mwenye maneno mengi, akawa anapitia kila akitoka kwenye biashara. Uji ulipikwa, mashuka yakafuliwa, mgonjwa akabebwa kama yai.

Lakini mikono iliyozoea kazi haijui kukaa bure. Mwanzoni alilala tu akitazama dari. Kisha akaomba aletewe kapu la vipande vilivyobaki kwenye nguo za wateja, akajiegemeza kwenye mito, akaanza kushona kwa mkono. Kitu cha kwanza kilichotoka kilikuwa kigauni, kidogo kiasi cha kumtosha mwanasesere.

Mama yake alikipokea, akakigeuza ndani nje.

"Kizuri," akasema. "Pindo tu ungeliacha pana zaidi, uje uliteremshe. Watoto hukua upesi."

Vikafuata vikofia na soksi. Dada yake akaleta vifungo vya rangi alivyovichomoa kwenye nguo zake za mtumba, akasema huyo mtoto atavaa kuliko watoto wa mawaziri. Na Subana alipotamka kwamba anataka kufuma blanketi, mumewe alirudi kazini na mashada ya sufu, moja la rangi ya maziwa, jingine la rangi ya ndimu. Aliketi mbele yake, akanyoosha mikono kama mtu aliyetiwa pingu, akamshikia uzi huku yeye akiuviringa kuwa bonge. Macho ya mume yalilengwalengwa na machozi.

"Una nini?"

"Vumbi la sufu tu," akajibu.

Subana akamcheka. Akafikiri, mwanaume huyu ananipenda jamani.

Mtu mmoja tu hakuonekana: wifi yake, dada wa mumewe, msusi ambaye kwa ulimi wake watu walimwita Pilipili. Wawili hao walikuwa hawapikiki chungu kimoja tangu zamani. Baada ya upasuaji Pilipili alifika nyumbani mara moja, akasimama mlangoni, akaliona blanketi mapajani mwa mgonjwa, akageuka bila hata salamu. Halafu uani zikasikika sauti, yeye na kaka yake wakigombana, maneno yenyewe hayakufika ndani.

"Mwache," dada yake Subana alimwambia. "Ana kijicho huyo. Anaogopa utazaa."

Siku za kwenda kuangaliwa kidonda, mumewe ndiye aliyempeleka, na kila mara alitangulia kuingia peke yake kuzungumza na daktari. Safari moja akaitwa ghafla na muuza nyama ambaye friji yake ilizima na nyama imejaa. Mama alikuwa na sufuria jikoni. Subana alijiona ana nguvu, akaenda mwenyewe, mdogo mdogo.

Muuguzi, mama wa makamo, alimlaza, akapapasa kovu, akasema limefunga vizuri.

"Sista, nisubiri muda gani kabla ya kushika mimba?"

Mkono wa muuguzi ulisimama pale pale tumboni.

"Kwani nyumbani hawakukuambia?"

"Kuniambia nini?"

Muuguzi alivuta kiti. Akamweleza kwa sauti ya chini kwamba damu ilikataa kusimama, kwamba ilibidi kizazi chote kitolewe, la sivyo wangempoteza mezani. "Daktari alitaka akuambie mwenyewe. Mumeo akaomba sana amwachie, akuambie yeye, nyumbani, kwa upole. Kila akija hapa anatuambia umeshajua na umepokea."

Subana alivaa, akashukuru, akatoka. Njiani, ajabu, kilichomrudia kichwani hakikuwa kizazi. Lilikuwa pindo. Watoto hukua upesi.

Nyumbani alimkuta mama yake anamenya viazi, na dada yake ameketi karibu, miguu ameinyoosha. Akakaa kwenye kiti cha cherehani.

"Mama, ulijua?"

Mama yake hakuuliza alijua nini. Kisu kilisimama nusu ya kiazi, na hilo likawa jibu.

"Tulitaka upate nguvu kwanza, mwanangu. Mwili wako ulikuwa haubebi."

"Na wewe, dada?"

Dada yake aliangalia kucha zake. "Ungefanyaje, mdogo wangu? Ulikuwa hujiwezi. Tukasema funika kombe, mwanaharamu apite."

"Na vifungo?"

Dada yake aliikunja miguu, akavuta khanga usoni.

Mumewe aliingia na sanduku lake la vifaa, akaziona nyuso, akaliweka chini taratibu.

"Nilikuwa nitakuambia," akasema, kabla hajaulizwa. "Kila nikiamka nimeshapanga maneno. Nikikukuta unashona, yananikimbia."

"Walipokuuliza kama wakitoe, ulikubali?"

"Nilikubali. Walisema utakufa."

"Hapo sikulaumu. Ningekuwa wewe ningekubali pia." Sauti yake haikupanda. "Lakini ulikwenda dukani ukaninunulia sufu. Ukakaa pale, ukanishikia uzi, nikakuuliza rangi ipi itamfaa, ukanichagulia."

"Niliona inakufariji."

"Ilinipa tumaini. Nyote mlinitazama nikilifuma, na mlijua halina mwenyewe."

Mama yake alikuwa analia sasa. "Mwanangu, uchungu wa mwana aujuaye..." akaanza, kisha akakatisha, maana mwisho wa methali hiyo usingeweza kusemwa mbele ya binti yake, si siku hiyo wala siku nyingine.

"Pilipili naye?" Subana akauliza.

Mumewe akainamisha kichwa. "Aliniambia nisipokuambia atakuambia yeye. Nikamkataza asikanyage hapa."

Subana alichukua khanga na dawa zake, akatoka.

Saluni ya Pilipili ilikuwa chumba kimoja chenye kioo na viti viwili. Alikuwa anamsuka mteja. Akamwona wifi yake mlangoni, akaachia nywele.

"Wamekuambia."

"Nesi ndiye aliyeniambia."

"Kaa hapo." Akavuta pumzi. "Usije ukanifanya malaika, wifi. Ile siku nilikuja kukuambia. Nikakuona na blanketi, ulimi ukanifa, mimi mwenye ulimi huu. Nilichoweza ni kutokaa nikalisifia."

Hapo ndipo Subana alipolia, amelishika tumbo kwa mikono yote miwili kwa sababu kilio kilivuta kovu, na yule mteja, nusu kichwa kimesukwa, akampisha kiti.

Alikaa kwa wifi yake, chumba cha nyuma ya saluni, mpaka akaruhusiwa kukanyaga cherehani. Zile nguo Pilipili alizipeleka wodi ya wazazi. Subana alimwomba asimwambie zimevaliwa na nani. Mumewe alifika kila siku, wakaketi nje, naye akatakiwa asimulie yote tangu mwanzo bila kuruka: nani alilia kwanza, nani alisema nini. Ndivyo alivyojua kwamba mume alitaka kusema siku ile ile ya upasuaji, na aliyemzuia ni mama yake Subana mwenyewe, kwa kumshika miguu.

Subana alimsamehe mumewe, si kwa siku moja. Na dada yake waligombana mpaka majirani wakatoka nje, wakapatana. Kumsamehe mama ndiko kulikokuwa kugumu. Subana alimwamkia, alimpikia, alimshonea nguo na kumnyooshea mabega zikae vizuri. Mwaka ule mvua zilipoanza alishikwa na homa, na mama yake, aliyekuwa amekuja kuwatembelea, akamwona anatetemeka.

"Unaumwa, mwanangu? Wapi panauma?"

"Sijambo, mama," Subana akajibu, akasogeza kiti. "Karibu chai."