Dakika Kumi na Tano za Bibi Dovie

Saa mbili na dakika kumi asubuhi ya Jumanne, Lavonna Caudill alikuwa amepiga magoti katika chumba namba tatu, akiinua nyaya za kompyuta kutoka sakafuni na kuzifunga kwenye miguu ya meza. Mgonjwa wa pili siku hiyo alikuwa Dovie Fugate, na Dovie alikuwa akija na maji.

Lavonna alikuwa muuguzi wa wodi kwa miaka kumi na tisa. Sasa, akiwa na miaka arobaini na minne, alikuwa anasomea shahada ya uzamili katika uuguzi wa afya ya akili, ile inayomruhusu muuguzi kupima, kutaja ugonjwa na kuandika dawa mwenyewe. Alisoma kwa mtandao juu ya meza ya jikoni, mwisho wa wiki alipiga zamu za saa kumi na mbili hospitalini, na siku tatu zilizobaki alifanya mafunzo kwa vitendo. Chuo kilitaka saa mia tano na arobaini chini ya msimamizi, lakini msimamizi mwenyewe hakikumtafutia. Mwanafunzi na ajijue. Aliandika barua kwa watu arobaini na mmoja. Wengi hawakujibu. Mmoja alijibu kwamba amefariki tangu Februari na hachukui wanafunzi tena. Marletta Sizemore peke yake ndiye aliyesema njoo.

Kliniki ya Marletta ilikuwa katika lililokuwa duka la viatu, na ndiyo pekee ya namna yake kwa kaunti nne za milima hii ya mashariki ya Kentucky. Aliona wagonjwa ishirini na wanane kwa siku, kila mmoja dakika kumi na tano, kwa sababu hizo ndizo dakika zinazotambuliwa na watu wa bima. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na uchovu ukikaa sana kwa mtu hufanana na roho mbaya hata mwenyewe asijue.

Dovie aliingia, mwanamke wa miaka sabini na mitatu, viatu vyake vikitoa sauti ya tope. Maji yalimfuata hadi ugokoni, ya rangi ya chai ya maziwa, yakinuka udongo na dizeli. Yalikuwa maji ya kijito cha Tanyard, kilichofurika Julai ya mwaka uliopita na kuzoa nyumba kumi na saba, ya kwake ikiwemo. Mumewe, Hobert, alifia humo. Jinsi alivyokufa, Dovie hakuwa amemwambia mtu.

Huku milimani, mtu hamfunulii kidonda chake mtu asiyemjua ni wa nani. Kwa hiyo Dovie alimgeukia Lavonna aliyekaa pembeni na kompyuta yake.

"Wewe ni Caudill wa wapi? Wale wa juu bondeni au wale wa kwenye reli?"

"Wa kwenye reli, Bibi. Baba yangu ni Estill, mtoto wa Arvil."

"Arvil aliyemuuzia babu yangu nyumbu kipofu, akaapa ana jicho moja?"

"Ndiye huyo."

"Basi una damu ya wezi, lakini wezi tunaowafahamu. Kaa karibu."

Hayo yalichukua dakika nne. Kisha akaanza, na alianza panapostahili kuanziwa: nani alikata miti ya kwanza pale Tanyard, nani alimpa nani shamba, Hobert alijengaje nyumba baada ya mgodi kufungwa, mapafu yake yalivyokuwa yamejaa vumbi la makaa hata akawa analala na mashine ya hewa. Alisimulia polepole na kwa mpango, na maji yalishuka kwanza hadi kifundoni, kisha kadiri alivyosimulia yakapanda. Yalitoka chini ya ukuta, yakazunguka miguu ya viti. Alipofika ule usiku, sufuria ya maharage bado iko jikoni na mvua haijanyamaza, maji yalikuwa yamerudi ugokoni.

"Nikamwamsha Hobert," alisema.

Marletta alitazama saa. Aliuliza yale maswali manne ya mwisho yanayotakiwa na fomu. Analala? Kwenye kiti. Anakula? Kidogo. Dawa inamsumbua? Hapana. Anawaza kufa? Dovie alisema anawaza kufa kwa Hobert. Fomu haikuwa na kisanduku cha hilo, wala cha maji, kwa hiyo Marletta alitia alama kwenye hapana na kuongeza dawa miligramu kumi. Dovie alikunja sketi, akatoka, na maji yakatoka naye hadi kwenye gari.

Hiyo ilikuwa mara yake ya kumi na moja. Mara zote kumi na moja hadithi ilikatikia kwenye kumwamsha Hobert, na maji yalikaa palepale yalipoachwa. Kwenye nyumba ndogo ya kukokotwa, yenye magurudumu, aliyopewa na serikali, Dovie alipika, alifua na kutazama televisheni akiwa na maji ya ugoko. Hakuna aliyemwonea ajabu. Wengi wa Tanyard walikuwa na maji yao, ila ya wengine yalikuwa yameshuka, kwa kuwa walikuwa na dada au mchungaji wa kumsimulia hadi mwisho. Dada za Dovie walikuwa makaburini. Binti yake aliishi mbali, mjini Dayton, na kila Dovie alipofika kwenye mvua, binti alilia, ikabidi mama ndiye ambembeleze.

Lavonna aliliwasilisha suala hilo darasani, kwenye kioo cha kompyuta, mbele ya wanafunzi wenzake kumi na wanne. Mmoja wa mji wa Tucson alisema ana mgonjwa anayekuja na moshi. Mwalimu aliwashukuru wote wawili, akamwambia Lavonna kazi ni nzuri ila marejeo matatu aliyonukuu yana zaidi ya miaka mitano tangu yachapishwe.

Mwezi wa tatu ilikuja barua ya watu wa bima kwamba kliniki inazidisha zile dakika kumi na tano. Dovie alipokuja, Marletta alijaribu kusaidia. Alivuta kiti mbele, akamshika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku nyingi.

"Bibi Dovie, leo tuwaache mababu. Anzia kitandani."

Lavonna alifungua kinywa. Alikuwa mtoto wa reli, alijua kwamba huwezi kumwambia mtu wa huku aruke mababu, ni sawa na kumwambia apande ghorofani bila ngazi. Lakini mwanafunzi hamkatizi msimamizi wake mbele ya mgonjwa, na alibakiwa na saa ishirini na sita. Akafunga kinywa.

Dovie alikuwa mtu mtiifu. Alianzia kitandani, na maji yakaja kama yalivyokuwa kitandani, yote kwa mpigo, hadi kiunoni. Kompyuta ilizima. Boksi la karatasi za kufutia machozi liliondoka na kuelea hadi mlangoni. Dovie alisema sentensi mbili, akatazama huku na huku kama mtu aliyeshushwa kituo asichokijua. Hakuwa na shamba nyuma yake wala nyumba wala mtu wa kumtegemea, alikuwa na maji tu. Dakika ya tisa aliomba ruhusa ya kuondoka. Aliendesha gari hadi nyumbani maji yakigusa usukani.

Baada ya hapo hakuweza kuwasha jiko. Jirani alimpelekea mkate wa mahindi, akaula amesimama. Ngozi yake ilianza kuchubuka mapajani, na Marletta alimwandikia mafuta ya kupaka.

Wiki hiyo Lavonna alimfuata Marletta kwenye chumba cha chakula na kumwambia kwamba Dovie anahitaji saa moja, mara moja tu, kuanzia kwenye mababu hadi mwisho, na maji yatashuka.

"Najua," alisema Marletta. "Unadhani sijui? Saa moja ya Dovie ni watu wanne. Haya, orodha hiyo hapo. Nichagulie wanne niwarudishe nyumbani."

Lavonna alisoma orodha. Wa kwanza alikuwa kijana aliyetoka hospitalini juzi. Wa pili alikuwa amesubiri miezi saba. Hakufika kwa wa tatu.

Alifikiria kumfuata Dovie mwenyewe, Jumapili, akae naye kibarazani kama mjukuu wa Arvil tu. Kanuni ya chuo ilikuwa wazi: mwanafunzi akimwona mgonjwa bila msimamizi, saa zake zote zinafutwa. Alijiambia kwamba akimaliza ataandika dawa kwa jina lake mwenyewe, atakuwa na mlango wake, na mtu wa kwanza kupewa saa nzima atakuwa Dovie. Alijiambia hivyo mara nyingi, na kila mara aliona aibu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na yeye alikuwa ameutazama kiunoni kwa mwenyewe akahesabu saa zake.

Aprili fundi alitoboa sakafu ya chumba namba tatu na kuweka mfereji wa kutolea maji. Marletta alinunua mabuti ya mpira jozi tatu. Meneja alikuja kukagua, akasema hivyo ndivyo matatizo yanavyotatuliwa.

Lavonna alimaliza masomo mwezi wa tano, akafaulu mtihani wa bodi ya uuguzi mwezi wa saba, na Septemba kliniki ikamwajiri. Alipewa koti lenye jina lake na wagonjwa ishirini na sita kwa siku, kwa sababu alikuwa mpya. Waliokuwa wakisubiri miezi saba sasa walisubiri minne. Hilo lilikuwa jambo la kweli, na Lavonna alilishika kwa mikono miwili.

Dovie alikuwa wa pili, Jumanne. Aliingia akisukuma maji kwa tumbo, akakaa, maji yakamfika kifuani.

"Sasa wewe ndiye mwenyewe," alisema.

"Ndimi, Bibi. Anzia mwanzo."

Akaanza kwa waliokata miti. Maji yalishuka kwanza, taratibu, hadi kifundoni, kwa kuwa alikuwa amerudi mwanzo palipo pakavu. Kisha yakapanda na hadithi kama zamani. Lavonna hakuandika chochote. Dovie alimaliza nyumba, akamaliza mapafu, akaingia usiku ule, akamwamsha Hobert, na safari hii hakukatizwa, akasema, "Akanishika mkono, akaniambia..."

Ilikuwa dakika ya kumi na saba. Nje walikuwepo watano. Yule kijana wa kwenye orodha ya Marletta alikuwa amesimama dirishani, na kwa joto alilokuja nalo kioo kilichokuwa mbele yake kilikuwa kimeanza kuyeyuka.

Dovie aliona jicho la Lavonna lilikokwenda. Alinyamaza mwenyewe, akampapasa goti.

"Nenda, mwanangu," alisema. "Nitamshikilia Hobert hapohapo."

Alikusanya sketi yake na kutoka, maji yakiwa kiunoni. Lavonna aliandika: dawa ileile, arudi baada ya wiki nne. Kisha akamwita kijana.